Manunuzi kwa Baiskeli: Mwongozo Kamili wa Kupanga Mzunguko, Kuegesha na Kurudi na Mzigo

Mtu anayeanza kufanya manunuzi kwa baiskeli hujiuliza kwanza atabebaje mzigo. Ni swali la haki, lakini kwa maoni yangu linastahili nafasi ya pili. Mzigo una ufumbuzi mwingi, na karibu wote ni mwepesi: keria, kapu, mifuko ya pembeni, kamba. Kinachoharibu safari mara nyingi zaidi ni zile dakika ishirini ambazo wewe uko ndani ya duka na baiskeli iko nje peke yake. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unapanga safari kuanzia mahali pa kuegesha na kurudi nyuma hadi kwenye orodha ya vitu, tofauti na mazoea ya wengi ambao huandika orodha kwanza na kukumbuka kufuli wakiwa wameshafika mlangoni.

Mwendeshaji wa kawaida asiye na haraka huenda kilometa 15 hivi kwa saa kwenye barabara tambarare, kwa hiyo duka lililo umbali wa kilometa 5 ni safari ya dakika 20, ilhali kwa miguu ingechukua karibu saa nzima. Ndani ya umbali huo, manunuzi ya kilo kumi hadi kumi na tano ni kazi ambayo baiskeli ya kawaida huifanya bila kulalamika. Ukiwa na haja ya kubeba zaidi ya hapo mara kwa mara, fikiria tela au baiskeli ya mizigo badala ya kuirundikia ile uliyonayo.

Kuandaa baiskeli kabla ya siku ya manunuzi

Anza na keria. Keria nyingi zina alama iliyogongwa kwenye chuma au kibandiko kinachoonyesha uzito wa juu zinaoruhusu. Kilo 25 ni kipimo kinachoonekana sana kwenye keria za nyuma, ingawa zilizo nyepesi zinaweza kuishia kilo 10 au 18. Itafute alama hiyo na uiheshimu, kwa sababu kipimo hicho kinahusu uzito uliotulia vizuri na si kifurushi kinachoyumba kwa kila shimo. Kisha kaza skrubu zote zinazoishikilia keria kwenye fremu. Skrubu za chini, zile zilizo karibu na ekseli ya nyuma, hulegea kimyakimya, na dalili yake ya kwanza huwa ni mlio wa chuma kugongana unapopita kwenye matuta.

Kapu la mbele linafaa sana kwa vitu vyepesi unavyotaka kuviona, lakini ujue limefungwa wapi. Kapu lililoshikwa na usukani hugeuka pamoja nao, na kila kilo unayoongeza humo inavuta usukani upande mmoja baiskeli inaposimama. Kapu lililoshikwa na fremu haligeuki, na kwa hiyo hustahimili mzigo mkubwa zaidi bila kuharibu uendeshaji, ingawa mwanzoni linachanganya macho kwa sababu usukani unageuka na kapu linabaki likitazama mbele.

Mifuko ya pembeni inayoning'inia kwenye keria ndiyo chaguo langu la kwanza, kwa sababu inashusha uzito karibu na ardhi na kuugawa pande mbili. Ukiinunua, ijaribu ukiwa umekaa kwenye tandiko: zungusha pedeli kinyumenyume na uangalie kama kisigino kinagonga mfuko. Kikigonga, usogeze mfuko nyuma kwenye keria hadi upate nafasi. Hakikisha pia kwamba sehemu ya chini ya mfuko ina kitu kigumu ndani au ndoano ya pili inayouzuia usiingie kwenye spoki.

Kamba za mpira zilizokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu hufanya kazi vizuri kama zile za dukani, na wakati mwingine vizuri zaidi, kwa kuwa hazina ndoano za chuma zinazoweza kufyatuka na kumpiga mtu jichoni. Kwa kamba ya aina yoyote, ncha isiyofungwa ni hatari: ikijizungusha kwenye gurudumu la nyuma, gurudumu linasimama papo hapo.

Jambo moja ningelipiga marufuku kabisa, nalo ni kutundika mfuko wa plastiki kwenye usukani. Mfuko huo hubembea, kubembea kwake kunageuza usukani, na siku mpini wake ukikatika au mfuko ukiingia kwenye spoki za mbele, mwendeshaji hurushwa kichwa mbele. Watu hufanya hivyo mara mia bila ajali, na hiyo ndiyo sababu wanaendelea kufanya.

Mengine ni ya haraka. Jaza upepo matairi hadi karibu na kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, kwa sababu tairi legevu chini ya mzigo hupasua tyubu kwa kuibana dhidi ya rimu. Kagua breki zote mbili. Kama stendi ya baiskeli yako ni ya mguu mmoja, fikiria kuibadilisha kwa ile ya miguu miwili, ambayo huiweka baiskeli wima wakati wa kupakia.

Kabla ya safari ya kwanza ya kweli, fanya zoezi na maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo chupa tano za lita mbili ni kilo 10 kamili, tena zikianguka hupotezi kitu. Zigawe kwenye mifuko, zunguka mtaani kwa dakika kumi, funga breki, pinda kona, shuka na uisukume baiskeli. Utagundua mambo ambayo maelezo ya kuandikwa hayawezi kukuonyesha, hasa jinsi baiskeli inavyotaka kuanguka unaposhuka.

Kupanga mzunguko

Andika sehemu zote unazotaka kupita, kisha uzihesabu kwa idadi ya mara utakazofunga na kufungua kufuli, usizihesabu kwa kilometa. Kila kituo kinachohitaji kufunga upya kinakula dakika mbili au tatu na kinaongeza nafasi moja ya kufanya uzembe. Maduka matatu yaliyo ndani ya mita mia tatu ni kituo kimoja: egesha mara moja mahali pazuri kuliko pote, kisha yazungukie kwa miguu. Wengi hupanda baiskeli kwa mita mia moja na kuifunga kwenye nguzo mbovu mbele ya duka la pili, wakati mahali salama walishapapata mbele ya duka la kwanza.

Baada ya hapo panga mfuatano. Shughuli zisizo na mzigo, kama vile kulipia bili, kutuma barua au kuchukua dawa, ziende mwanzo wakati baiskeli ni tupu. Vifuate vitu vikavu na vyepesi. Vitu vizito viwe karibu na mwisho, na vya baridi viwe vya mwisho kabisa. Kanuni inayotumika sana katika usalama wa chakula ni kwamba chakula cha kuwekwa kwenye friji kisikae nje kwa zaidi ya saa 2, na kisizidi saa 1 ikiwa joto la hewa limepita nyuzi 32 za selsiasi. Ukihesabu foleni, kupakia na njia ya kurudi, saa hiyo moja ni fupi kuliko inavyodhaniwa. Mfuko wenye kinga ya joto, au hata nguo nene iliyozungushwa kwenye vitu vya baridi vilivyobanwa pamoja, hukuongezea muda kidogo, lakini haubadilishi mfuatano.

Ikiwa mahali unapotaka kuegesha ni ndani ya uzio au jengo lenye geti, uliza linafungwa saa ngapi. Baiskeli iliyofungiwa ndani hadi kesho haijaibiwa, lakini kwa jioni hiyo matokeo ni yaleyale.

Kuchagua mahali pa kuiacha

Hapa ndipo pa kutumia akili nyingi kuliko pengine pote, na ndipo watu wanapoharakisha kuliko pengine pote.

Kifaa bora cha kufungia baiskeli ni bomba nene la chuma lililokunjwa kwa umbo la U iliyopinduliwa, miguu yake yote miwili ikiwa imezamishwa kwenye zege. Muundo huo hujulikana kama stendi ya Sheffield, kwa jina la mji wa Uingereza ulikoanzia, na ubora wake uko katika jambo dogo: unaishika fremu katika sehemu mbili, kwa hiyo baiskeli haizunguki wala hailali, na kufuli linafika kwenye fremu na gurudumu kwa pamoja. Kinyume chake ni vile vishikio vya chini vinavyobana gurudumu moja tu. Hivyo vinaipa baiskeli mahali pa kusimama lakini havikuruhusu kufunga fremu, na mtu akiigonga baiskeli kutoka ubavuni, uzito wote unaangukia rimu na kuipinda. Ukikuta hivyo tu, angalia kama unaweza kusimama kwenye ncha ya mstari, ambako fremu inafikia chuma cha mwisho.

Pasipo na stendi rasmi utatumia nguzo, ua wa chuma au reli ya ngazi. Kikague kitu hicho kwa maswali matatu. Je, kimeshikwa na ardhi kweli? Je, kinaweza kukatwa kwa urahisi kuliko kufuli lako? Je, baiskeli inaweza kuinuliwa na kupitishwa juu yake ikiwa bado imefungwa? Nguzo fupi isiyo na kibao juu huanguka katika swali la tatu: mwizi haligusi kufuli, bali anainyanyua baiskeli nzima kama pete kidoleni. Mti mchanga na ua wa mbao huanguka katika swali la pili, tena mti huumia gome hata bila mwizi. Swali la kwanza hujibiwa kwa mikono. Niliwahi kuifunga baiskeli kwa uangalifu mkubwa kwenye nguzo ya alama ya barabarani, nikaiegemea kidogo ili nifunge kamba ya kiatu, na nguzo ikanyanyuka nami kutoka kwenye shimo lake. Tangu siku hiyo naishika kila nguzo na kuitikisa kabla ya kutoa kufuli.

Kisha tazama mazingira. Mahali panapopitwa na watu wengi na panapoonekana kutoka madirishani panafaa kuliko kona tulivu nyuma ya jengo, kwa sababu utulivu huo unaoupenda ndio anaouhitaji mtu mwenye kifaa cha kukatia chuma. Lakini usitegemee macho ya wapita njia peke yake. Wengi hudhani kwamba anayehangaika na kufuli ni mwenye baiskeli aliyepoteza ufunguo. Kamera ina manufaa zaidi baada ya wizi kuliko wakati wa wizi. Ikiwa utarudi giza limeingia, angalia taa iko wapi sasa, mchana, wakati bado unaweza kuchagua. Na ukikuta safu ya baiskeli, weka yako katikati yao, ukihakikisha kwamba kufuli lako si dhaifu kuliko yote hapo.

Mahali pa kuegesha panapaswa kuwafaa pia wasio na baiskeli. Baiskeli iliyoegemezwa kwenye reli ya mteremko wa viti vya magurudumu inamzuia mtu asiyekuwa na njia nyingine ya kuingia. Baiskeli iliyolazwa kando ya ukuta inaweza kumkwaza mtu asiyeona ambaye hutumia ukuta huo kujiongoza kwa fimbo. Acha wazi milango ya dharura, mabomba ya zimamoto, vituo vya mabasi na njia ya kupakulia mizigo ya duka. Tunza nafasi ya kutosha watu wawili kupishana, ukikumbuka kwamba usukani na mifuko hutokeza nje kuliko unavyodhani. Mbali na adabu, hii ni busara ya kujilinda: baiskeli inayoziba njia huhamishwa, na anayeihamisha hatakuwa mpole nayo.

Ardhi nayo ina neno lake. Kwenye udongo laini au lami iliyoyeyushwa na jua, mguu wa stendi huzama taratibu na baiskeli huanguka ukiwa kwenye foleni. Jiwe bapa au kipande kidogo cha ubao chini ya stendi kinatosha kuzuia. Kwenye mteremko, elekeza gurudumu la mbele juu ili baiskeli isiponyoke kutoka kwenye stendi. Mfuko wa plastiki uliovikwa tandiko huizuia mvua isiloweshe kiti chako cha kurudia.

Kufunga

Hakuna kufuli lisilokatika. Grenda yenye betri hukata makufuli mengi ndani ya dakika chache, na kamba nyembamba ya waya haihitaji hata grenda, kwani mkasi mdogo wa kukatia waya unaimaliza kwa sekunde. Unachonunua, basi, ni muda na usumbufu, na kiasi cha kununua kinategemea utakuwa ndani kwa muda gani.

Kwa manunuzi ya kawaida, kufuli gumu la umbo la U ndilo linalotoa ulinzi mwingi kwa uzito wake. Mnyororo mnene wenye pingili za pembe nne unafika mahali ambapo U haifiki, lakini ni mzito, na uzito huo unaubeba pamoja na mzigo. Kufuli la pete, lile linalokaa kwenye fremu na kupitisha chuma kati ya spoki za gurudumu la nyuma, ni la haraka kuliko yote, na linafaa unapoingia dukani kwa dakika moja huku baiskeli ukiiona kupitia dirisha. Lakini haliifungi baiskeli na chochote. Mtu mwenye pikapu analiona kama halipo. Ukinunua kufuli kuukuu, epuka lenye tundu la ufunguo la mviringo. Mwaka 2004 ilijulikana hadharani kwamba baadhi ya makufuli ya U ya aina hiyo yangeweza kufunguliwa kwa bomba la plastiki la kalamu ya kawaida, na yapo ambayo bado yanazunguka mikononi mwa watu.

Utaratibu wa kufunga ni huu. Iegemeze baiskeli sambamba na chuma cha kufungia, ikikigusa kabisa. Pitisha kufuli la U kwenye gurudumu la nyuma, kwenye fremu na kwenye chuma hicho kwa pamoja. Gurudumu la nyuma lina cheni na gia, na kwa kawaida ni ghali kuliko la mbele, kwa hiyo ndilo linalostahili kufuli kubwa. Kama kufuli ni dogo mno kufikia bomba la tandiko, yaani lile bomba la fremu linaloshuka kutoka kwenye tandiko hadi kwenye pedeli, litie kwenye rimu ya nyuma mahali ambapo gurudumu linapita ndani ya pembetatu ya nyuma ya fremu. Fundi wa Marekani Sheldon Brown, aliyefariki mwaka 2008, aliieneza njia hiyo kwa hoja rahisi: gurudumu lililofungwa hapo haliwezi kuvutwa nje ya pembetatu, hivyo fremu nayo imefungwa bila kuguswa na kufuli. Wapo wanaojibu kwamba rimu inaweza kukatwa, na ni kweli, ila anayeikata anabaki na baiskeli isiyo na gurudumu na kazi ndefu ya kukata tairi na rimu iliyobanwa na spoki. Mimi bado hupendelea kulishika bomba la tandiko pale kufuli linapofika.

Gurudumu la mbele lifungwe kwa kufuli la pili au kwa kamba ya waya inayorudi hadi kwenye kufuli kubwa. Kama ekseli zako ni za kufungua kwa mkono, tahadhari hii si ya hiari, na ni vizuri zaidi kuzibadilisha kwa za kukazwa na spana. Usifunge gurudumu la mbele peke yake kamwe, kwani gurudumu hufunguka na fremu ikaondoka.

Jaza nafasi iliyo ndani ya U kadiri uwezavyo, ili mtaimbo au jeki visipate pa kuingia. Liache kufuli likining'inia juu, mbali na ardhi, kwa sababu likiwa limelala chini linaweza kuwekwa juu ya zege kama juu ya fuawe na kupigwa nyundo, au mkono mmoja wa mkasi ukaegemezwa ardhini na mwingine ukakanyagwa kwa uzito wote wa mwili. Geuza tundu la ufunguo litazame chini. Huzuia mvua na vumbi, na humlazimisha mchokozi afanye kazi akiwa amepinda mgongo.

Mwishowe ondoa vinavyoondoka bila spana: taa, pampu, mfuko wa vifaa, na tandiko kama linachomoka kwa mkono. Ivute baiskeli mara moja kwa nguvu. Nimeona makufuli yaliyofungwa kikamilifu kwenye baiskeli peke yake, yakiwa hayajagusa nguzo.

Ufunguo uwe na mahali pamoja pa kudumu kwenye mwili wako, na mahali hapo pasiwe mfuko wa manunuzi. Nililipia somo hili siku nilipoudondosha ufunguo ndani ya mfuko wakati wa kulipa, kisha nikalazimika kuvitoa vitu vyote na kuvipanga juu ya lami, kimoja kimoja, mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kupita. Ulikuwa chini kabisa, umejibana kwenye mshono.

Pasipo na kitu cha kufungia

Muulize mwenye duka au mlinzi kabla ya kuamua lolote. Swali la moja kwa moja, kama vile "Naomba kuiweka baiskeli wapi isiwasumbue?", hupata jibu zuri mara nyingi kuliko kuingia nayo na kusubiri kukatazwa. Akikubali kukuangalizia, muulize zamu yake inaisha saa ngapi na umwambie utarudi lini, maana anayepokea zamu hatakujua. Na hata hapo, ifunge. Mlinzi anaangalia mambo mengi, na idhini ya kuiweka haimaanishi kwamba amekubali kuilipa ikipotea. Penye maegesho yenye mhudumu na kijikaratasi cha namba, tunza kijikaratasi hicho pamoja na ufunguo.

Ikikosekana nafasi yoyote, funga fremu na gurudumu la nyuma pamoja ili isiweze kuendeshwa, iweke mahali unapoiona, na ufupishe orodha yako. Kama mko wawili, mmoja abaki nje. Kama uko peke yako na orodha ni ndefu, nenda duka jingine. Ni uamuzi unaoudhi, lakini unaudhi kwa dakika kumi tu.

Ndani ya duka

Ingia na mifuko ya baiskeli yenyewe na uiweke ndani ya toroli. Vitu ukivipanga humo unapovichukua, mfuko utakuambia wenyewe umejaa lini, na hutafika nje na vitu visivyo na pa kukaa. Kabla ya kulipa, inyanyue mifuko miwili, mmoja kila mkono. Usipohisi tofauti kubwa, mizani inatosha; ukiihisi, hamisha kitu kizito sasa.

Vizito viende chini na upande ulio karibu na gurudumu. Vya majimaji visimame wima, vifuniko vikiwa vimekazwa, na kila kimoja kiwe kwenye mfuko wake kama kikivuja kitaharibu kingine. Sabuni na mafuta ya taa visikae na unga wala mkate, kwa sababu harufu husafiri hata pale pasipovuja. Mayai yaende juu kabisa, au bora zaidi kwenye begi la mgongoni, ambako mwili wako unayapokea mashimo kwa niaba yao. Hiyo ndiyo kazi pekee ninayoipa begi la mgongoni. Mzigo mzito mgongoni huinua uzito wote juu na kukulowesha jasho.

Kupakia, na tatizo la kituo cha pili

Pakia kwanza, fungua kufuli baadaye. Baiskeli iliyofungwa kwenye stendi imeshikwa kwa nguvu kuliko mkono wako unavyoweza kuishika, na kufuli linakuwa mhudumu wa bure wakati unapotundika mfuko wa kwanza na upande mmoja umelemewa. Tundika mifuko, kaza kamba, ficha ncha, tikisa keria. Ndipo utoe kufuli, na ulitie mahali pake kwenye fremu badala ya kulitupa juu ya mayai.

Ikiwa bado una duka moja mbele, umefika kwenye tatizo lisilo na jibu kamili, kwa sababu kufuli hulinda baiskeli lakini halilindi mifuko. Njia ya kwanza ni kuomba mzigo ubaki kwenye duka la kwanza, ukaenda la pili ukiwa mtupu na kurudi kuuchukua. Ya pili ni kuingia na mifuko yote, jambo linalowezekana kama mifuko yako inachomoka kwa ndoano. Ya tatu ni kuacha kwenye keria vile tu vyenye uzito mwingi na thamani ndogo, ukavifunika na kuvifunga kwa mafundo, na kuingia na vilivyobaki. Fundo si kufuli, lakini mtu anayetaka kunyakua kitu akipita hana muda wa kufungua mafundo matatu.

Barabarani na mzigo

Weka gia nyepesi kabla ya kuondoka, maana kuanza ndiko kugumu. Kaa kwenye tandiko. Ukisimama na kuyumbisha baiskeli, mzigo nao unayumba, ila unachelewa kidogo nyuma yako, na hapo ndipo unapotupwa kando. Anza kufunga breki mapema na utumie zote mbili. Yapite magari yaliyoegeshwa ukiwa umbali wa mita moja au zaidi, ili mlango ukifunguliwa ghafla usikufikie. Mashimo yakwepe kwa kuyaona mbali, si kwa kukata kona ghafla.

Pa kusukuma, shuka upande wa kushoto, ambako hakuna cheni ya kukuchafua, na uiegemeze baiskeli kidogo kwenye nyonga yako. Ikianza kuanguka upande wa pili na huwezi kuizuia, iachie taratibu. Mgongo hauna duka la vipuri.

Ukirudi na kukuta haipo

Kwanza hakikisha uko kwenye mlango uleule ulioingilia, kwani majengo yenye milango mingi yamewatisha wengi bure. Pili, waulize walinzi na wenye duka kama imehamishwa. Ikiwa imeibwa kweli, utahitaji namba ya fremu, ambayo mara nyingi imegongwa chini ya fremu, pale mikono ya pedeli inapokutana. Inakili leo, piga picha za baiskeli nzima na za alama zake za pekee, na utunze risiti pamoja nazo, kisha utoe taarifa polisi ukiwa na vyote hivyo. Pasipo namba hiyo, hata baiskeli ikipatikana, itakuwa neno lako dhidi ya la mwingine.

Kufika nyumbani

Iegemeze baiskeli ukutani au ifunge breki ya mbele kwa kipande cha mpira kilichozungushwa kwenye mkono wa breki, ili isitembee kwenye stendi. Toa vitu kidogo upande huu na kidogo upande ule. Ukiutoa mfuko mmoja mzima, ule uliobaki utaiangusha baiskeli juu ya mguu wako. Vya baridi viingie kwanza. Penye ngazi, panda na mifuko peke yake, kisha urudi kuichukua baiskeli.

Mifuko ikishakuwa mitupu, irudishe kwenye keria siku hiyohiyo pamoja na zile kamba, kwa sababu mfuko unaobaki jikoni hugeuka kuwa mfuko wa jikoni, na safari ijayo utajikuta umetundika plastiki kwenye usukani.